Umaskini wa watoto kusini: tuwafuate walewale

Mhariri,

Kila ripoti ya umaskini inapotoka, magazeti, na lako likiwamo, huandika kwamba umaskini umeshuka kutoka asilimia hii hadi ile. Hatuna ugomvi na hesabu hiyo. Shida ni kwamba wasomaji wa Mtwara na Lindi huisoma kana kwamba inawaeleza watoto wao, na haiwaelezi.

Chukua kitongoji chenye watoto 100. Mwaka wa kwanza 40 ni maskini, miaka kadhaa baadaye ni 30. Huenda watoto 10 wametoka na hao 30 ni walewale, hawajasogea hata hatua. Huenda pia 25 wametoka, na wengine 15 ambao zamani walikuwa na nafuu wametumbukia. Asilimia ni moja, dawa mbili. Wale 30 wa hesabu ya kwanza wanahitaji kushikwa mkono miaka na miaka. Wale 15 wa hesabu ya pili walihitaji kushikwa mwaka uleule bei ya korosho ilipoanguka au baba alipolazwa. Utafiti unaopiga hodi kwenye kaya mpya kila awamu hauwezi kuwatenganisha. Ni mpaka urudi kwa mtoto yuleyule.

Jambo hilo linafanyika kwingine. Utafiti wa Young Lives, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oxford, unawafuata watoto 12,000 wa Ethiopia, India (Andhra Pradesh na Telangana), Peru na Vietnam tangu 2002. Kila nchi ina watoto wapatao 2,000 waliozaliwa 2001–02 na wapatao 1,000 waliozaliwa 1994–95, katika maeneo 20. Maeneo yalichaguliwa kwa kuegemea upande wa maskini, kwa hiyo takwimu zake si wastani wa taifa. Mwaka 2016, watoto wa kundi la wadogo walipokuwa na miaka 15 hivi, zaidi ya asilimia 90 yao walikuwa bado wanapatikana. Humo ndimo ilimoonekana kwamba baadhi ya watoto waliodumaa wakiwa na mwaka mmoja walikuwa wamenyanyuka walipofika miaka minane, na baadhi ya waliokuwa wazima kwenye mwaka mmoja walikuwa wamedumaa baadaye. Ukipima watoto wapya kila mara, makundi hayo mawili yanafutana na wewe unaona mstari ulionyooka.

Wala Tanzania si wageni. Kule Kagera, kaya 915 zilizohojiwa kati ya 1991 na 1994 zilitafutwa tena 2004 na 2010. Mwaka 2004 angalau mtu mmoja alipatikana kutoka asilimia 93 ya kaya hizo, na zile 915 zilikuwa zimezaa kaya zaidi ya 2,700, kwani watu huoa, huachana, huhama. Waliohama jamii zao walionekana kupanda kimatumizi kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya ndugu zao waliobaki. Watafiti wangebaki kijijini kuwasubiri, jibu hilo lisingekuwapo. Tuna pia Utafiti wa Taifa wa Kufuatilia Kaya, ulioanza 2008/09 na kaya 3,265. Ni kazi nzuri, ila sampuli yake ilipangwa kutoa majibu ya Dar es Salaam, miji mingine, vijijini na Zanzibar, si ya mkoa mmoja mmoja. Na mwaka 2014/15 sehemu kubwa ya kaya zikabadilishwa. Anayeutumia kusema lolote kuhusu wilaya kama Newala au Liwale anabashiri.

Kwa hiyo hoja yetu ni kwamba mikoa hii miwili ipate utafiti wake wa kuwafuata watoto. Na kwa kuwa tafiti za namna hii hufa kwa mambo madogo kuliko yale yanayojadiliwa hotelini kwenye uzinduzi, tuyataje hayo madogo.

La kwanza ni majina. Mtoto aliyeandikwa awamu ya kwanza kwa jina la nyumbani ana jina jingine la shule, na akitoka jando au unyago anaweza kupewa la tatu, na wapo wanaochukia kuitwa la utotoni. Miaka kumi baadaye mdadisi anafika na orodha, anauliza, anaambiwa hapa hayupo, kumbe aliyemjibu ndiye. Fomu ya kumfuatilia mtoto iwe na majina yote, na nafasi ibaki wazi kwa yajayo. Iwe na jina la mama na la mjomba, sio la baba peke yake; kwetu mjomba bado ana kauli, na ndoa ikivunjika mtoto mara nyingi atapatikana upande wa mama. Iwe na shule na namba yake ya udahili, kitongoji, na simu za ndugu wawili wanaoishi nje ya kaya. Simu ya kaya yenyewe haitoshi: laini hupotea, na ikipotea hupotea na kila kitu. Kuhusu vipimo vya satelaiti vya mahali nyumba ilipo, vichukuliwe, lakini nyumba ya miti na udongo haina ahadi ya miaka saba. Mchukue na mkorosho au mwembe ulio jirani. Huo utakuwapo.

La pili ni kalenda. Mvua yetu ni ya msimu mmoja. Zikianza, kaya nyingi huhamia mashambani kulinda mazao dhidi ya nguruwe na ngedere, na kijiji hubaki na wazee. Likizo za Juni na Desemba ni za jando na unyago. Kuanzia Oktoba ni korosho: minada, foleni za benki, wadeni mlangoni. Januari hadi Machi ghala ni tupu. Sasa fikiria awamu ya kwanza imefanyika Novemba na ya pili Machi. Mtoto huyohuyo, kaya hiyohiyo, ataonekana ameanguka kwenye umaskini, na ripoti itatafuta sababu isiyokuwapo. Sisi tungechagua katikati ya Julai hadi katikati ya Septemba, shule zikiwa wazi na chakula kikiwapo, na kila awamu irudi majuma yaleyale. Miezi hiyo inaficha njaa, hilo ni kweli. Ndiyo maana moja ya tano ya kaya zitembelewe tena Februari kwa dodoso fupi la chakula tu.

Hapo kwenye chakula, neno moja. Madodoso mengi huletwa na orodha ya vyakula iliyopangwa mbali na huku. Ming'oko, mizizi ya porini tunayoichimba na kuila, haimo. Kaya iliyolala na ming'oko huandikwa kuwa haikula, au huandikwa “viazi vikuu” na kupewa bei ya viazi vikuu vya sokoni, na makosa yote mawili ni makubwa.

La tatu ni umri na kimo, na hapa ndipo tafiti nyingi huharibika bila mtu kujua. Udumavu hupimwa kwa kulinganisha urefu na umri kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya 2006. Mvulana wa miezi 12 urefu wake wa kati ni sentimita 75.7, na akiwa chini ya 71.0 anahesabiwa amedumaa. Mvulana wa miezi 14, wa kati ni 78.0. Ina maana kosa la miezi miwili kwenye tarehe ya kuzaliwa linamsogeza mtoto kwa sentimita 2.3, karibu nusu ya njia kutoka uzima hadi udumavu, kabla hujamgusa. Basi tarehe itoke kwenye kadi ya kliniki, si mdomoni. Kadi isipokuwapo, kalenda ya matukio ya kijiji husika: mnada wa kwanza wa msimu, Idi, mafuriko, uchaguzi. Tarehe iliyoandikwa awamu ya kwanza isibadilishwe kimyakimya awamu ya pili; zote mbili zihifadhiwe, na sababu iandikwe.

Kupima nako kuna taratibu zake. Chini ya miezi 24 mtoto hulazwa, kuanzia hapo husimama. Aliyelazwa huonekana mrefu kwa takriban sentimita 0.7, kwa hiyo anayemlaza wa miaka mitatu kwa kuwa analia lazima aandike kuwa amemlaza. Wapimaji wawe wawili, mmoja anashika magoti na visigino, mwingine kichwa na kusoma. Ubao usisimame juu ya mchanga, na pwani yetu yote ni mchanga, basi kitafutwe kibaraza cha saruji au kipande cha mbao pana. Misuko ya nywele iliyorundikwa utosini huongeza sentimita nzima au zaidi; ifumuliwe, au isogezwe pembeni, au mtoto asipimwe siku hiyo. Mpime mara mbili, na vipimo vikipishana zaidi ya sentimita 0.7, rudia. Jioni msimamizi aangalie tarakimu ya mwisho ya vipimo vyote: kila moja kuanzia 0 hadi 9 ingepaswa kutokea karibu mara moja katika kumi. Akiona 0 na 5 zimejaa, mpimaji huyo anakadiria kwa macho.

Mali za kaya ni mtego mwingine. Bati hununuliwa msimu mmoja mzuri, kisha hukaa juu ya paa miaka ishirini hata kama chini yake hakuna unga. Mwishoni mwa 2018, soko lilipovurugika hadi Serikali ikanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likazibeba, bati liliwaambia wadadisi habari ileile liliyowaambia kabla. Kipimo cha nyumba na vyombo kinafaa kupanga nani juu na nani chini kwa muda mrefu, hakifai kuonyesha mtikisiko. Mtikisiko uko kwenye deni. Lakini ukimuuliza mtu kama aliuza korosho kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mfumo rasmi, atasema hapana, maana ni kosa. Uliza hivi: Februari mlipoishiwa, chakula mlikipata kwa nani, na mlimlipa nini, lini? Mtu atajibu bila kusita, na deni litajitokeza lenyewe.

Tuongeze kwamba mdadisi mwenye kishikwambi akiingia kijijini, neno la kwanza linalotembea ni TASAF, mfuko wa Serikali unaozipa kaya maskini ruzuku. Waliomo wanaogopa kutolewa, wasiokuwamo wanatafuta kuingizwa, na pande zote mbili zinaficha mbuzi. Dawa ni kusema mapema, kwenye mkutano wa kijiji na si kwa mtendaji ofisini, kwamba orodha hii haimwingizi wala kumtoa mtu, kisha kutoiruhusu kabisa itumike hivyo. Siku moja tu ikitumika, awamu zinazofuata ni za uongo mtupu. Utafiti ukichukua damu, jiandae na uvumi wa mumiani, wanyonya damu.

Fedha sasa. Ukianza na watoto 1,000 ukapoteza asilimia 5 kila awamu, baada ya awamu tano za ufuatiliaji umebaki na 774. Ukipoteza asilimia 10, ni 590. Na wanaopotea si wa bahati nasibu: ni binti aliyepelekwa Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, kijana aliyefuata uvuvi au ujenzi, mtoto aliyehamishiwa kwa bibi ng'ambo ya mto Ruvuma. Ukiwakosa hao, umebaki na watoto waliotulia, na utaandika kwamba mambo yametulia. Wafadhili hupenda awamu ya kwanza kwa sababu matokeo yake yanatoka haraka. Tungewaomba walioko mezani wapunguze maswali ya dodoso kwa theluthi na fedha hiyo waiweke kwenye ziara fupi ya kila mwaka ya kuhakikisha anwani, pamoja na timu ndogo ya kukaa Temeke na Mbagala, Dar es Salaam, majuma matatu kuwasaka waliohama. Dodoso la saa tatu huchosha kaya, na kaya iliyochoka hukukwepa awamu ijayo.

Lipo linaloweza kuanza bila mfadhili. Mwaka 2016, sera ya elimumsingi bila malipo ilipoanza, watoto wengi waliingia darasa la kwanza, na majina yao yamo kwenye rejista za udahili za shule zetu, mengi yakiwa na jina la mzazi na kitongoji. Hiyo ni sampuli iliyolala. Ina kasoro: ambaye hakuandikishwa hayumo, hivyo lazima ikamilishwe na daftari la wakazi la kijiji. Halmashauri zinaweza kuwaagiza waratibu elimu kata wazipige picha rejista za mwaka huo ukurasa kwa ukurasa, zihifadhiwe wilayani kwa usiri unaostahili, maana ni majina ya watoto. Kata moja ni kazi ya siku mbili kwa mtu mwenye simu nzuri, na shule zenye mchwa kwenye kabati la mwalimu mkuu zitangulie.

Wadadisi na wasimamizi wa tafiti za kaya,
Mtwara na Lindi