Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayeanza theolojia huku kihamba (shamba la nyumbani la Wachagga) kikimsubiri

Mdogo wangu,

Hongera kwa kupata nafasi Chuo Kikuu cha Makumira. Shemeji amenieleza mpango wako: Ijumaa jioni unapanda gari kurudi Machame, Jumamosi shambani, Jumapili ibada, Jumatatu alfajiri unarudi darasani. Kwa kuwa Usa River, kilipo chuo, iko kwenye barabara hiyohiyo ya Moshi–Arusha, mpango unaonekana rahisi. Hautafika Desemba, na kitakachouvunja ni Kigiriki.

Kigiriki hakikubali viporo. Somo la leo limekaa juu ya la jana. Ukikosa wiki moja ya vitenzi, inayofuata utakuwa unanakili ubao tu. Maneno kama 300, yale yanayojirudia mara 50 na zaidi, hubeba takriban asilimia 80 ya Agano Jipya. Ukishika kumi kwa siku, siku tano kwa wiki, utayamaliza kwa wiki sita au saba. Ila kumi kila siku si sawa na hamsini za Ijumaa usiku ndani ya daladala. Kata boksi gumu vipandevipande, neno upande huu, maana upande wa pili, kadi kumi mfukoni. *Luo, lueis, luei* (nafungua, unafungua, anafungua) inakaririka vizuri tu mtu akiwa anakata majani ya ng'ombe.

Nyumbani njoo mara moja kwa mwezi. Sasa tutazame kipi kinahamishika na kipi hakihamishiki.

Mvua haihamishiki. Masika yakianza Machi, mahindi ya shamba la tambarare lazima yaingie ardhini, na wewe utakuwa chuoni. Basi maandalizi yafanyike Januari na Februari: trekta lilipwe, mbegu kilo 10 kwa ekari ziwe ndani, mbolea ya DAP mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ekari wa kupandia, na UREA mwingine wa kukuzia mahindi yakifika magotini. Nafasi ni sentimeta 75 kwa 30, mbegu moja kila shimo. Kama usajili wa mbolea ya ruzuku uko kwa jina lako na simu yako, lishughulikieni kabla hujaondoka, shemeji asije akakwama dukani.

Fedha ya dawa ya kiwavijeshi vamizi nayo aachiwe mapema. Wiki ya pili baada ya kuota, asubuhi, apite sehemu tano za shamba, miche kumi kila sehemu, achungulie moyo wa mhindi, yale majani machanga ya katikati. Majani yenye madirisha meupe ni dalili ya viwavi wadogo. Kinyesi kama unga wa mbao kilichojaa moyoni ni viwavi waliokwisha kukua. Wakipatikana kwenye miche miwili kati ya kumi, apulizie jioni, dawa ielekezwe moyoni. Akisubiri mpaka wewe utume hela mwisho wa mwezi, viwavi watakuwa wamejichimbia ndani, na dawa itaishia juu ya kinyesi chao.

Ng'ombe ndiye anayehamishika, na hapa wengi hawapigi hesabu. Mimba ni siku 283 hivi. Akihimilishwa (kutiwa mbegu za dume na mtaalamu) 1 Novemba, atazaa karibu na 11 Agosti, likizo ndefu, wewe upo. Akikosa mimba, joto, yaani hamu ya kupandwa, hurudi baada ya siku 21. Mara ya pili inakupeleka 1 Septemba, ya tatu 22 Septemba. Zote zinaingia likizo. Kuhimilisha Januari ni kujitafutia ndama wa Oktoba, wakati unafungasha mizigo ya chuo, na mtu wa kumnywesha maziwa ya kwanza ndani ya saa chache awe shemeji peke yake, mtoto mgongoni.

Ng'ombe wa peke yake bandani hana mwenzake wa kumpanda, kwa hiyo joto lake hupita kimya. Atazamwe anavyolia, asivyotulia, na ute mwangavu unaoning'inia nyuma. Dalili za asubuhi, mhimilishaji aje jioni. Za jioni, aje kesho yake asubuhi.

Kuhusu shemeji mwenyewe. Kumwachia kazi bila kumwachia maamuzi ni kumfanya kibarua wako. Kaeni mkubaliane kiasi ambacho anakitumia bila kukuuliza, kisha ukitamke mbele ya mama na mbele yetu sisi ndugu zako tunaopakana naye kihambani, maana tunajijua. Daftari moja likae jikoni: lita za asubuhi, za jioni, zilizouzwa, dawa, mshahara wa mkata majani. Jumamosi akupigie picha ya ukurasa. Simu ya saa mbili usiku ianze na watoto, ng'ombe awe wa mwisho. Ukianza na ng'ombe watoto watasinzia.

Kuku wa nyama achaneni nao hadi umalize chuo.

Tukivuna Julai au Agosti, mahindi yasiingie kwenye mifuko isiyopitisha hewa kabla ya kupimwa unyevu. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, mahindi robo yake, chumvi kavu vijiko vitatu, tikisa vizuri, acha dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisheni juani.

Safari yako ya Juni iwe Jumamosi iliyo karibu na tarehe 12, siku 60 kabla ya ng'ombe kuzaa. Siku hiyo anakaushwa, yaani anaachishwa kukamuliwa. Pumba zipunguzwe siku chache kabla, akamuliwe mara ya mwisho mpaka kiwele kiwe tupu, chuchu ziwekwe dawa, na asiguswe tena. Mitihani itakuwa karibu, kwa hiyo panda gari la asubuhi, urudi na la jioni. Na kadi zako njoo nazo.

Kaka yako