Uvimbe wa mama tuliambiwa una hatari ndogo, sasa umerudi kwenye ini

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Ujiji, Kigoma. Mwaka 2021 mama yangu alianza kupata choo cheusi kama lami na damu ikapungua sana mwilini. Wakamkuta na uvimbe kwenye ukuta wa mfuko wa chakula tumboni, ule unaoitwa GIST, wakampasua na kuutoa wote. Karatasi ya maabara ninayo bado, ina doa la mawese pembeni: sentimita 4, seli zinazogawanyika ni chache, hatari ya kurudi ni ndogo. Daktari akasema vidonge vya kinga havihitajiki, ila arudi kupigwa picha. Kumbe sisi tuliposikia "ndogo" tulisikia "hakuna". Tulikwenda Mwanza mara mbili, nauli ikatushinda, na mama alikuwa amesharudi Kibirizi kuanika dagaa wake, mzima kabisa. Tukaacha.

Mwaka huu ubavu wa kulia ukaanza kumsumbua. Picha imeonyesha vinundu vitatu kwenye ini, na kinyama kilipopimwa ni uvimbe ule ule wa tumboni. Daktari ametueleza kwa upole kwamba hata wenye hatari ndogo, wachache hurudiwa. Anataka mama aanze vidonge vya kuuzuia uvimbe, vinaitwa imatinib, miligramu 400 kila siku, pamoja na chakula na maji mengi, bila kukatisha, maana ukiacha uvimbe huanza kukua tena.

Kaka yangu hataki kusikia habari ya vidonge. Anasema kilichokatwa mwanzo kikatwe tena, India, na anauza shamba la michikichi la mama ili apate fedha. Daktari amesema upasuaji unaweza kufikiriwa baadaye, dawa ikishafanya kazi. Mimi namwamini daktari, lakini kaka ndiye mkubwa wetu.

Na mama hajui. Tumemwambia ini lina vidonda. Juzi usiku aliniuliza, "Mwanangu, si walisema waliumaliza?" Nikainama kupuliza mkaa ambao ulikuwa umeshawaka.

Shangazi, nimwambieje? Nimwambie mwenyewe au nimwachie daktari? Nimesikia pia kuna kipimo cha vinasaba vya uvimbe kinachoonyesha kama dawa hii itamfaa. Nikikiulizia nitakuwa nimemvunjia daktari heshima? Na kaka nimzuieje bila kugombana? Mnunuzi wa shamba anakuja Jumamosi, na mwenye shamba hajaulizwa.

Binti wa Ujiji