Kwa mdogo wangu, mchungaji asiyeonekana kwake

Mdogo wangu,

Juzi nilikupigia, akapokea mkeo. Nilipomuuliza uko wapi alicheka kidogo, akasema, "Shemeji, labda uulize ofisi ya kanisa." Nami nikacheka, lakini baada ya kuagana nilibaki nimeishika simu. Zamani mke wangu alikuwa akiwajibu watu hivyo hivyo, na kwa kicheko hicho hicho.

Sikuandikii kukuhukumu, maana huko unakoelekea nilishapita. Siku moja nilirudi mapema, jambo la nadra, nikawakuta watoto wakicheza baba na mama. Mkubwa ndiye aliyekuwa baba. Nikajibanza kwenye korido nitazame. Akavaa viatu vyangu, akabana Biblia kwapani, akasema, "Narudi sasa hivi," akatoka. Huko nje akakaa kwenye ngazi, akawa anachorachora chini kwa kijiti, kwa kuwa sehemu ya baba ilikuwa imekwisha. Wenzake ndani waliendelea kupika na kulaza watoto, wala hakuna aliyeuliza baba kaenda wapi.

Najua unapenda kuhubiri Kutoka 18, Yethro akimfundisha Musa kugawa kazi. Wengi wetu tunaanzia mstari wa 13, Musa ameketi kuwaamua watu tangu asubuhi hadi jioni, kisha tunawakimbilia wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Hebu rudi mwanzo wa sura. Yethro hakufunga safari ili aje kutoa semina ya uongozi. Alikuwa anamletea Musa mkewe Sipora na wanawe wawili, Gershomu na Eliezeri. Mstari wa 7 unasema Musa alitoka kumlaki mkwewe, akainama, akambusu, wakajuliana hali. Na Sipora je? Na watoto? Hawatajwi. Kesho yake Musa yuko kazini, foleni imesimama. Sisemi kwamba hakuwasalimia, kwa kuwa Maandiko yamenyamaza. Ila yule mzee aliyemwambia kwamba anachofanya si chema alikuwa babu wa watoto wale, na tangu nilipoliona hilo, sauti yake naisikia tofauti.

Kwa hiyo ukigawa kazi, usigawe ili upate nafasi ya mkutano mwingine. Mimi ndipo nilipojikwaa: nilipata wazee wa kunisaidia, nikaanzisha ibada ya alfajiri.

Watakuambia, "Wewe mtumikie Mungu, watoto atakulelea." Wanasema kwa nia njema. Lakini Paulo alipomwandikia Timotheo kuhusu askofu, aliuliza habari za nyumba yake: asiyejua kuisimamia hiyo atalitunzaje kanisa?

Chagua siku moja. Wengi wetu hushika Jumatatu, kwa kuwa Jumapili wengine wakipumzika sisi ndiyo tunachoka. Waambie wazee wa kanisa, itangazwe, na awepo mmoja wao wa kupokea simu za siku hiyo. Msiba ukitokea utakwenda, hilo halina mjadala. Ugomvi wa sare za kwaya unaweza kulala mpaka Jumanne, na utaukuta pale pale ulipouacha. Simu yenyewe iache chumbani. Kukaa sebuleni huku unajibu ujumbe wa kamati ya ujenzi ni kuwa ofisini ukiwa umevaa kandambili, na watoto wanalijua hilo hata kama hawasemi. (Halafu, nakuomba, acha kuwatolea mifano madhabahuni bila kuwauliza. Yule wa pili ameanza kukaa viti vya nyuma kabisa, nimemwona.)

Mkeo usimpe mahubiri kuhusu mpango huu mpya. Muulize tu ni saa ngapi za wiki anazokuhitaji zaidi, kisha unyamaze asikie kwamba unasubiri jibu. Jibu la mke wangu lilinishangaza: hakutaka siku nzima, alitaka muda wa saa moja tu jioni, kabla watoto hawajalala.

Jumatatu hii saa nne asubuhi nitakupigia. Ole wako upokee.

Kaka yako