Shukrani kwa dada wa kaunta ya milksheki

Dada yangu, jina lako sikulishika, na muziki ulikuwa juu kiasi kwamba hata asante yangu sidhani uliisikia. Naiandika hapa.

Ni mimi mama wa yule mtoto aliyekuwa akijizungusha kwenye kiti cha kaunta Jumamosi jioni. Mgahawa ulifurika, sahani za baga zikipita juu ya vichwa vyetu, nami nikakwambia mwanangu hali karanga, zinamdhuru. Wewe ulisimamisha kazi. Ukanieleza kwamba ule ufito wa mashine huzama ndani ya kila kikombe, na punde tu ulikuwa umechanganya milksheki ya siagi ya karanga, kuusuuza hakutoshi. Ukanawa mikono, ukaleta mashine ambayo haijatumika, ukafungua kopo jipya la aiskrimu kwa sababu kijiko cha kuchotea hutoka kopo moja kuingia jingine. Hilo la kijiko, miaka yote sita ya kumlinda, sikuwahi kuliwaza.

Akisubiri, ukamsimulia jinsi Ivar Coulson, mhudumu wa duka la dawa la Walgreens kule Chicago, alivyotia aiskrimu kwenye maziwa ya kimea mwaka 1922. Sasa anawahadithia wenzake shuleni.

Kisha ukamwachia kile kikombe cha chuma chenye masalio. Alikimaliza chote, bila hata kipele kimoja.

Mungu akubariki sana, dada. Ilikuwa milksheki yake ya kwanza kunywa nje ya nyumbani.