Wenye steshenari, punguzeni kukimbilia kufomati

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niseme na wenye steshenari wa mkoa wetu wa Mbeya, hasa vijana wanaokaa mbele kupokea flashi za wateja. Nawaheshimu. Tangu nistaafu ualimu ndio wanaonichapia kazi zangu, na mara nyingi wananikopesha hata kurasa mbili tatu. Ila neno "fomati" limewakaa mdomoni. Flashi ikikohoa tu, dawa ni fomati, yaani kuiandaa upya iwe tupu.

Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha wakulima wa parachichi huku Kiwira. Ijumaa moja ya mwezi wa saba nilikwenda Tukuyu na flashi ya GB 8 yenye daftari zima la wanachama 112: jina, idadi ya miti, kilo alizopima kila mmoja tangu msimu uanze. Mkutano ulikuwa kesho yake saa nne asubuhi. Kijana akachomeka, akafungua. Folda zangu tatu zote zimegeuka shotikati, yaani vijialama vya njia ya mkato tu, kila moja ina kimshale pembeni na uzito wa kilobaiti 2. Akabofya ya kwanza, ikagoma. Ya pili, ikagoma.

"Mzee, humu hakuna kitu. Nikufomatie iwe safi, elfu mbili tu."

Kabla sijajibu, kipanya kilikuwa kimeshafika kwenye neno lenyewe. Nikamshika mkono. Kweli nilimshika, na wateja waliokuwa nyuma yangu wakacheka. "Mwanangu, acha." Huko nje kosta ya kurudi ilikuwa inapiga honi, nami kwa hasira na haraka nikaichomoa flashi kwa mkono wangu mwenyewe, kitaa chake bado kinapepesa. Hilo kosa ni langu, wala simsingizii mtu. Na virusi vilivyozigeuza folda kuwa shotikati, siwezi kuapa flashi ilivipata kwenye mashine ya nani. Mwezi ule nilikuwa nimeichomeka sehemu nne.

Nyumbani umeme ulikuwa umekatika, lakini laptopu yangu ilikuwa na chaji. Ni laptopu ya zamani aliyoniachia mpwa wangu, ndani ina Ubuntu, mfumo huria wa jamii ya Linux unaoendesha kompyuta badala ya Windows, nao haulipiwi. Ubuntu ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni ndugu wa neno letu "utu"; sisi Wanyakyusa tunasema "umundu" tukimaanisha mtu. (Mwalimu wa Kiswahili hastaafu, mtanisamehe.)

Nikachomeka flashi. Zile shotikati tatu zilikuwepo, lakini kando yake nikaona folda moja ambayo haina jina kabisa, mahali pa jina ni peupe. Nikaifungua. Daftari langu lote limekaa humo, na mihtasari ya vikao, na hata picha za shamba la darasa. Virusi vya namna hii havifuti kitu. Vinachukua faili zako na kuzisukumia kwenye folda iliyopewa alama ya kufichwa, kisha vinakuwekea shotikati ili ukibofya, vyenyewe ndivyo viamke. Windows ikiona alama ile ya kufichwa inatii na haikuonyeshi folda. Linux haijali alama hiyo kwenye flashi za kawaida, na shotikati za Windows haiziendeshi. Kwa hiyo "hakuna kitu" ya yule kijana ilikuwa na maana ya "mimi sioni".

Nikakopi kila kitu kwenye laptopu kwanza. Halafu nikajaribu kufuta zile shotikati, ndipo ikakataa: eti flashi ni ya kusoma tu, haiandikiki. Nikampigia mpwa wangu.

"Shikamoo mjomba. Fungua terminali, lile dirisha la kuandika amri, andika sudo dmesg zije taarifa za mashine, unisomee mistari ya mwisho."

Nikavaa miwani nikamsomea, polepole, herufi kwa herufi. Mstari mmoja ulisema kwamba flashi haikuondolewa ipasavyo, huenda data zimeharibika, endesha fsck, programu ya kukagua na kurekebisha diski. Mwingine, kwamba kwa sababu ya hitilafu flashi imewekwa katika hali ya kusoma tu. Yaani mashine ilikuwa imekwisha kunieleza ugonjwa, chanzo na dawa, ila kwa Kiingereza na mahali ambapo mtu wa kawaida hafiki. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Natamani kazi ile ingefika mpaka kwenye mistari hii.

Akaniambia niandike lsblk nione majina ya diski. Ya laptopu ilikuwa sda, GB 465.8. Ya flashi ni sdb, GB 7.5. "Mjomba, hapo usikosee hata herufi, utajikuta unaitibu diski ya laptopu." Akaniambia niandike sudo umount /dev/sdb1 ili mfumo uiachie flashi, kisha sudo fsck.vfat -a /dev/sdb1 ili irekebishwe. Haikufika dakika mbili. Nikaichomoa kwa utaratibu, nikaichomeka tena, shotikati zikafutika zote. Nikarudisha daftari ndani, nikabonyeza kitufe cha kuondoa flashi, nikasubiri mpaka ikaniambia sasa chomoa. Mpwa wangu anasema wengi tunadanganywa na ule mstari wa kukopi: ukijaa tunadhani kazi imekwisha, kumbe faili bado liko kwenye kumbukumbu ya kompyuta, linashuka taratibu kwenda kwenye flashi.

Sisemi kila flashi inapona. Kama lsblk haiioni kabisa hata ukibadilisha tundu, au imejifunga kusoma tu na fsck haibadilishi kitu, basi chipu imechoka, na hata hiyo fomati haitaiokoa. Zipo pia za bei ya ajabu zilizoandikwa GB nyingi ambazo ndani hazina. Hizo zinapimwa kwa f3write na f3read, nazo ni programu za bure.

Na kwa aliyekwisha kufomatiwa: asiweke kitu kingine juu yake. Fomati ya haraka inafuta orodha ya faili tu, vilivyomo vinabaki mpaka viandikiwe juu. Jirani yangu, mwalimu wa shule ya msingi, alifomatiwa mitihani ya muhula mzima. Tulimrudishia sehemu kubwa kwa PhotoRec, programu ya kufufua faili zilizofutwa, lakini majina yote yalikuwa yamepotea, kila faili ni herufi f na rundo la tarakimu. Alikaa jioni tatu akifungua moja moja kutafuta Hisabati ya darasa la sita.

Ninachoomba kwa wenye steshenari ni kidogo. Ile kompyuta kuukuu iliyowekewa boksi la karatasi juu, iwekeni Linux, iwe ndiyo inayopokea flashi za wateja kabla hazijafika kwenye mashine ya kuchapia. Mtaji wake ni muda wa kuipakua na kuiweka. Na kabla ya kufomati, muulizeni mteja kama kuna anachokihitaji humo ndani, na msubiri ajibu.

Jumamosi saa mbili nilikuwa mlangoni kwa kijana yuleyule. Akachomeka, daftari likafunguka, kurasa 9. Akaangalia skrini, akaniangalia mimi.

"Mzee, kumbe ulikwenda kufomatia wapi?"

Nikamwambia achape kwanza, nakala kumi, tutaongea nikitoka mkutanoni.

Mwalimu mstaafu,
Kiwira, Rungwe,
Mbeya.