Dada, picha ile ilikuwa handakini

Dada, shikamoo.

Nakuandikia hapa kwa sababu namba yangu umeifunga, na shangazi amechoka kubeba salamu zinazorudi kama zilivyokwenda. Hapa unapita, najua. Ramadhani iliyopita niliandika ninavyopika tambi za mama huku ugenini, na kesho yake mtu alipiga simu nyumbani kusema nimesahau iliki. Ni nani mwingine angejua?

Kilichonileta ni mwanao. Nimesikia anataka kuomba ufadhili wa kusoma Japani na wewe umemkatalia, ukasema hutaki awe kama mjomba wake "aliyekuwa anapanda treni mama anakata roho". Maneno hayo niliyasikia mara ya kwanza kinywani mwako, siku ya arobaini, uani, akina shangazi wamepakata sinia za mchele wanachagua mawe. Mikono yote ilisimama. Mpaka leo nikiona mtu anachagua mchele natoka nje.

Basi tuizungumze hiyo treni.

Ni ya dizeli, behewa moja au mawili, nyeupe yenye mistari myekundu na ya bluu. Inaitwa Sanriku Tetsudo, pwani ya mkoa wa Iwate, kaskazini mashariki mwa Japani. Inaanzia Sakari, katika mji wa Ofunato, inapanda kwenda kaskazini: Kamaishi, Otsuchi, Miyako, Taro, Omoto, Shimanokoshi, Fudai, mwisho Kuji. Kilomita 163, saa nne na zaidi ukikaa kwenye kiti kimoja. Usidhani unaangalia bahari safari nzima. Ukishatoka Miyako kwenda juu milima imeingia mpaka majini, na reli imepenya ndani yake. Handaki la Masaki ni mita 6,532. La Omoto ni mita 5,174. Hilo la Omoto usilisahau.

Watu wa pwani ile walianza kudai reli 1896, mwaka ambao tsunami iliua zaidi ya watu 20,000. Walingoja sana. Serikali ilijenga vipande: Miyako hadi Taro 1972, Fudai hadi Kuji 1975, na kingine kule kusini. Katikati pengo. Halafu 1980 ikapitishwa sheria ya kuziondoa njia zisizo na faida, na vipande vile vikaingia kwenye orodha ya kufutwa kabla havijaungana. Mkoa na miji yake wakaunda kampuni yao 1981, mapengo yakazibwa, na tarehe 1 Aprili 1984 treni ikatembea. Ilikuwa ya kwanza nchini mwao, njia ya shirika la reli la taifa kuchukuliwa na kampuni ya ubia wa serikali za mitaa na wafanyabiashara. Baba angeipenda habari hii. Unakumbuka alivyoendelea kuivaa kofia ya stesheni wakati treni za abiria zilikwishaacha kupita? Wewe ndiye uliyekuwa ukiipiga pasi.

Tarehe 11 Machi 2011 bahari ikaja tena. Reli iliharibika sehemu 317. Shimanokoshi stesheni nzima ilisombwa pamoja na daraja lililobeba njia, likabaki jiwe lililochongwa shairi la Miyazawa Kenji, mshairi wa mkoa ule. Miyako umeme ulikatika, kwa hiyo wafanyakazi wakahamia ndani ya treni iliyokuwa imesimama stesheni, maana injini ya dizeli inatoa taa na joto. Ofisi yao ikawa behewa. Nje watu walikuwa wanatembea kwa miguu juu ya reli, barabara zimejaa vifusi, wanatafuta ndugu zao. Tarehe 16 Machi, siku ya tano, treni ikatembea kati ya Kuji na Rikuchu-Noda, bila nauli. Tarehe 20 ikafika Taro kutoka Miyako. Njia yote ya zamani ilikamilika Aprili 2014.

Siku ya tano, dada. Imebeba watu waliokuwa wanakwenda kutambua maiti zao. Ukisema "treni" kwa ule mdomo uliousema nao, ukaubenua, ujue unasema nini.

Nimepandisha sauti. Samahani.

Nirudi kwako. Ile Kuwait ulikokuwa ukifanya kazi, uliyokuwa ukiilaani kila Ijumaa kwenye simu, baada ya tsunami iliipa Japani mapipa milioni 5 ya mafuta ghafi. Thamani yake ikapitia Msalaba Mwekundu wa Japani kwenda kwenye mikoa iliyoumia, na sehemu ikainunulia reli hii mabehewa mapya manane. Matatu ya kwanza yaliingia kazini Aprili 2013. Ubavuni yaliandikwa shukrani kwa Kiarabu, Kiingereza na Kijapani. Hebu fikiria, pwani ile ambapo ukisema "salamu alaykum" wanakuangalia tu, inapita treni ina Kiarabu ubavuni!

Nilipolijua hilo nilicheka peke yangu maktabani. Mama alikuwa na msemo wake, kwamba Mungu kampa watoto wawili, mmoja kamweka motoni na mwingine kwenye barafu. Nikasema nitakwenda kulipiga picha behewa hilo, nimtumie wa motoni. Ulikuwa wakati wako mbaya, bosi amekushikia pasipoti, unalala stoo. Nilitaka uone kwamba kuna kitu chema kimetoka hapo ulipo na kimefika nilipo mimi. Hiyo ndiyo starehe yangu.

Ilikuwa 2019, miezi michache baada ya kipande cha Kamaishi hadi Miyako kukabidhiwa kwa kampuni hii na njia yote kuwa moja. Usiku uliotangulia niliongea na mama. Akaniambia kala mkate wa kumimina na kikombe cha chai, na nisimsumbue kwa maswali ya daktari. Asubuhi nikapanda basi kutoka Morioka hadi Miyako, nikalikuta behewa lenyewe, nikapiga picha, na mimi mwenyewe nimo, meno yote nje. Ndani ya treni nikaandika maneno ya chini: "Dada, leo nimepanda mafuta ya kwenu!" na vile vikatuni vya kucheka. Nikaipeleka kwenye kundi la familia. Treni ikaingia handaki la Omoto. Picha ikakwama, kile kisaa kidogo kikawa hakiondoki.

Ilikuwa saa tano asubuhi kule. Tanga na Kuwait alfajiri, saa kumi na moja.

Tulipotokeza upande wa pili, stesheni ya Shimanokoshi, simu ikapata mtandao na vitu viwili vikatokea pamoja: picha yangu ikaondoka, ujumbe wa ami ukaingia. Inna lillahi. Nilishuka. Sijui kwa nini nilishuka, mlango ulikuwa wazi. Treni ikaondoka na Kiarabu chake nikabaki mimi na bahari ile mbele, imetulia kama haijawahi kufanya kitu. Nikatia udhu kwa maji ya chupa, upande wa kibla nikautafuta kwa simu hiyohiyo, nikamswalia mama. Treni iliyofuata ilikuwa mbali sana.

Kwenye simu yangu picha iko juu na ujumbe wa ami uko chini. Miaka yote hii ndivyo ninavyoiona: nimetuma picha, kisha msiba ukaja. Ndiyo maana uani nilikuona unanionea. Ndiyo maana nikakujibu vile, kwamba afadhali mimi sikumwachia mama mtoto wa kulea mpaka mgongo ukapinda. Mbele ya shangazi zetu. Na mtoto mwenyewe yuko mlangoni ameshika kuku. Nililisema, na nikilikumbuka najitetea kwamba wewe ulianza, lakini wewe hukumtaja mtoto.

Mwezi uliopita binti wa ami alikuwa anahamisha picha za zamani, akanionyesha kundi lile kwenye simu yake. Kwake iko kinyume. Ujumbe wa msiba juu, na mara chini yake mimi, meno nje, nimepanda mafuta ya kwenu. Nimemuuliza mtu anayejua mambo haya akaniambia simu ya mtumaji inaliweka jambo pale lilipoandikwa, za wengine zinaliweka pale lilipofika. Dakika zile tano za handaki, dada. Wewe kule stoo umeamka alfajiri, umesoma kwamba mama hayupo, na cha kwanza kukufuata ni kicheko changu, na jina lako ndani yake. Ukanyamaza siku arobaini.

Ungeniuliza lakini. Hata kwa matusi. Ulimsikiliza yule wa Chumbageni ambaye hajawahi kunipenda tangu habari ya zile kanga mbili, ambazo sitazisema hapa.

Na kuzikwa kwake, hata mimi ningeota mbawa, mama alizikwa adhuhuri ileile. Kutoka Shimanokoshi mpaka Tanga ni siku mbili. Wewe uliyekuwa karibu zaidi hukufika, na hakuna aliyekuhesabia. Mimi sikukuhesabia. Sawa, siku ile nilikuhesabia.

Mwache kijana aombe huo ufadhili. Akikosa, amekosa. Akipata, nitampokea mwenyewe uwanja wa ndege na koti la baridi, maana lako ulilonipa bado ninalo.

Simu ile ya zamani pia ninayo, kioo kimepasuka lakini inawaka. Nikija Idi nitaibeba, nikupe uishike mwenyewe.