Kijiji cha watu 14 kule Kansas kimetuacha mbali sisi wa Kengeleni

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na kama waiona ndefu basi nikatie mbele lakini mwisho uniachie maana huko ndo kuna kazi.

Hapa maskani kwetu Kengeleni, Kisauni, Mombasa, vijana wakiongea Marekani utadhani nchi nzima ni New York, maghorofa na magari, hakuna mtu anayeshika jembe. Sasa mpwa wangu anakaa Wichita, jimbo la Kansas, Julai iliyopita akaendesha karibu saa nne kwenda kijiji kimoja cha wakulima akatutumia video kwenye grupu la familia. Nimeiona nikarudia, kisha nikaanza kutafuta habari zake, na toka hapo sina raha, kwa sababu hadithi ya kile kijiji ni kama yetu lakini wenzetu wamejua cha kuifanya.

Kinaitwa Nicodemus. Kiko kaskazini magharibi ya Kansas, tambarare tupu, ngano na mtama (ndio, mtama huu huu, Kansas ndio wanaongoza Marekani nzima kwa mtama) mpaka macho yachoke. Kilianzishwa mwaka 1877 na watu weusi waliotoka Kentucky, watu waliozaliwa utumwani, uhuru wao wenyewe una miaka 12 tu. Sheria ya 1862 ilikuwa yampa mtu ekari 160 za serikali akizilima na kukaa hapo miaka mitano, kwa ada ndogo. Sasa hapo akatokea mzungu mmoja dalali wa ardhi, W. R. Hill, na mhubiri mweusi W. H. Smith, wakafungua kampuni ya kijiji na kuzunguka makanisani na vipeperushi wakiwaita watu waje, ardhi nzuri, mji mpya, njooni. Watu 300 na kidogo wakapanda treni Septemba ile ya 1877. Yeyote wa Mombasa aliyewahi kuuziwa ploti kwa ramani bila kuona kiwanja anajua walikuta nini.

Hakukuwa na mji. Kuna mama mmoja, Willianna Hickman, yeye na mumewe walifika 1878, treni iliwaacha mji wa Ellis, hapo watoto kadhaa wa msafara wao wakafa kwa surua, wakazika, wakaendelea safari porini bila barabara. Walipokaribia wenzake wakaanza kushangilia kwamba wamefika, yeye anaangalia huku na huku haoni kitu, akauliza kwani kiko wapi, mumewe akamuonyesha moshi. Moshi watoka ardhini! Watu walikuwa wamechimba mashimo kwenye kingo za ardhi wakaezeka juu kwa fito, nyasi na udongo, dohani ndo pekee inayotokeza. Mama alilia. Na mimi ningelia, mtu umetoka Kentucky kwenye miti na mito unaambiwa mji wako ni lile tundu.

Familia nyingi ziligeuza pale pale zikarudi. Waliobaki wengi hawana farasi wala plau, wanavunja ardhi ngumu ya majani kwa sepetu na majembe, na baridi ya kwanza ingewamaliza lau si wenyeji asilia wa kabila la Osage waliokuwa wakirudi kutoka kuwinda wakawagawia nyama. Hilo halitajwi sana lakini mimi limenigusa kuliko yote, wale nao walikuwa wameshanyang'anywa ardhi yao ya Kansas miaka michache tu kabla.

Basi wakatoka kwenye mashimo, wakajenga kwa mawe na mbao. Ikafika miaka ya 1880 kati, kijiji kina makanisa, hoteli, shule, maduka, bendi, timu ya besiboli, na magazeti mawili, Mhariri, mawili! Mmoja wa wakaazi wake, Edward McCabe, mtu mweusi, mwaka 1882 akachaguliwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima la Kansas, na wapiga kura wengi ni wazungu.

Kilichowavunja ni reli. Walikuwa wanaisubiri kama sisi tunavyosubiri mvua ya masika, walipiga mpaka kura ya kukopa pesa ili kampuni ya reli ishawishike kupitia kwao. 1888 reli ikapita ng'ambo ya pili ya mto, maili chache tu kutoka hapo, na wenye maduka mmoja mmoja wakahamia ule upande wa stesheni, mji mpya unaitwa Bogue. Hilo Mombasa hatuna haja ya kufundishwa. Reli mpya ya SGR ya kwenda Nairobi ilipokuja makontena yakaanza kupakiwa treni yakaenda zake bara, waulize madereva wa malori, waulize wenye hoteli na magereji ya Mariakani mpaka Mtito Andei walivyokaa wakiangalia barabara. Mradi unapita, wewe uko pembeni unaona vumbi tu.

Baada ya hapo ni kushuka. Miaka ya 1930 ukame na tufani za vumbi zikaja juu ya hali ngumu ya uchumi, 1935 wamebaki watu 76. Posta ikafungwa 1953, shule 1960. Vijana wakaenda mijini kutafuta kazi kama vijana wa kila mahali. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 14.

Na hapo ndo nataka wasomaji wasikilize, kwa sababu hesabu hiyo ya 14 inadanganya. Kila mwaka wikendi ya mwisho wa Julai, ngano imeshavunwa, mamia ya wajukuu na vitukuu vya wale watu wanarudi kutoka Denver, Topeka, Kansas City, wengine mbali zaidi. Kwenye video ya mpwa wangu unaona ukumbi wa mawe uliojengwa 1939, nje mahema, moshi wa nyama choma, wazee wamekaa kivulini, kuna gwaride linapita barabara moja fupi na Jumapili ibada. Mpwa akauliza mzee mmoja wewe unakaa hapa? Yule mzee akacheka akasema hapana nakaa mji mwingine, lakini kwetu ni hapa. Sherehe hiyo ilianza 1878, mwaka wa pili tu wa kijiji, watu wangali wanaishi mashimoni! Waliifunga na tarehe 1 Agosti, siku ambayo mwaka 1834 sheria ya kufuta utumwa ilianza kazi kwenye makoloni ya Waingereza. Serikali ya Marekani ilikuja kukitangaza rasmi kuwa eneo la kitaifa la historia mwaka 1996, wakaweka walinzi na kutunza majengo matano ya zamani. Hesabu mwenyewe, miaka 118 watu walikuwa wanajikusanya wenyewe kabla ya serikali kuleta walinzi wake.

Sasa tuje kwetu. Miaka miwili tu kabla ya Nicodemus, mwaka 1875, hapa Kisauni kulikuwa kunajengwa Frere Town. Sultan Barghash alikuwa ametia sahihi mkataba na Waingereza Juni 1873 wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, manowari zikawa zinakamata majahazi, na watu wanaokolewa humo, Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo, wengine watoto wadogo hawajui kwao ni wapi, wakashushwa hapa, na wamisheni wa CMS, chama cha Waanglikana wa Uingereza, wakawapa mahali. Wakakuta na wenzao waliokuwa wamelelewa Nasik kule India baada ya kuokolewa, waliokuja kuwa walimu na mafundi. Walilima, wakajenga, wakaweka kengele ya kuitana kwenye ibada na kupeana tahadhari wafanyabiashara wa watumwa wakionekana. Si hadithi ya kubuni hiyo hatari, kuna wakati wenye watumwa wa Mombasa walitaka kuwavamia.

Kengele ipo mpaka leo. Uko kwenye matatu makanga anaita Kengeleni Kengeleni, unashuka, kuna bodaboda zimejipanga, tuktuk zinapigiana honi, mama anauza maembe, na ile kengele iko pale pale karibu na njia panda na sijaona mtu akiitazama. Nimewauliza vijana wa boda wawili watatu, mmoja akaniambia ati ni ya shule ya wakoloni, mwingine akasema yeye anajua tu hapo ndo stegi. Siwalaumu, nani aliwaambia? Familia za wale watu bado ziko hapa Kisauni, ziko Rabai, ziko na bara, na mimi nilivyokaa huku sijawahi kusikia tangazo kwamba siku fulani wote wanaitana kengeleni.

Najua watakaoniandikia kusema kaunti itenge bajeti, ijenge makumbusho, ilete watalii. Sawa, iwe, lakini kaunti ukiisubiri utasubiri mpaka uchoke, na wale wa Kansas hawakusubiri. Tena kuna watu watasema mambo ya utumwa yaachwe maana mjini hapa kuna vizazi vya waliouzwa na vizazi vya waliouza, tunasalimiana, tumeoana, kwa nini kuchokoa. Mimi naona kinyume, tukiweza kuoana basi tunaweza kukaa hema moja siku moja kwa mwaka tukala pilau na kusikilizana. Na wenyewe wenye asili hiyo ndio waamue kinachosemwa, si mimi.

Ninachoomba ni kidogo. Wazee wa Frere Town wenye majina ya babu zao vichwani warekodiwe na wajukuu wao, simu kila mtu anayo. Kanisa la Emmanuel lina waumini wenye mizizi hapo, pengine wao ndio wa kuanza kuitana. Na ichaguliwe tarehe moja, mimi ningesema Juni, mwezi wa ule mkataba, ila kama Agosti ndo watoto wamefunga shule na watu wa bara wanaweza kushuka basi iwe Agosti. Mwaka wa kwanza wakija watu 14 inatosha. Viti na hema vya kukodi Kongowea havikosekani, na kwa upande wa sufuria mimi nina mbili kubwa, nitazileta.

Mkaazi wa Kisauni,
Mombasa